Pointi za Ndege Si za Mabosi Pekee

Ukikaa Kibera, ndege si kitu cha ajabu. Wilson iko hapo tu karibu, upande wa Lang'ata Road, na tundege twa kwenda Mara na Lamu tunapita juu ya mabati tangu asubuhi mpaka giza liingie. Mtoto wa Laini Saba anaitambua ndege kwa mngurumo kabla hajainua kichwa. Lakini muulize mtu mzima hapo mtaani tikiti hufanya kazi vipi, hasa hii maneno ya pointi, na atakuangalia kama umeanza kuongea Kichina.

Zile video najua ushaziona. Msee amelala kwa kiti kinachokunjuka kuwa kitanda, glasi mkononi, anasema amelipa elfu tano tu, hizo zingine ni pointi. Huku chini watu wanaandika "freemason huyu". Wasee, hakuna freemason hapo. Ni hesabu. Na mimi nasema, mkitaka mnitukane, kwamba hiyo hesabu inawahusu watu wa Kawangware na Kibera kuliko inavyomhusu huyo jamaa wa glasi.

Angalia ploti yetu hapa Kawangware 56. Keja ni kumi na mbili. Keja nne ziko na mtu Gulf: Saudia wawili, mmoja Doha, mwingine Dubai. Landlord mwenyewe hajawahi kuvuka mpaka, lakini wasichana wa kupanga kwake wamevuka bahari na kurudi, wengine mara mbili. Sasa uliza hao wanne nani ako na namba ya uanachama wa ndege yoyote. Hakuna. Tikiti ilinunuliwa na ajenti, akapewa kwa bahasha siku ya kusafiri, akaambiwa asichelewe. Pointi za safari hiyo hazikuenda kwa mtu. Zilipotelea hewani.

Wacha nielezee na kitu unajua. Bonga. Ukitumia shilingi kumi Safaricom unapata pointi moja, unapiga *126#, unakomboa dakika ama bando, na tangu 2020 unaweza kulipia unga kwa till ukitumia hizo hizo. Ndege ni hivyo hivyo. Unajiunga bure, unapewa namba, namba inawekwa kwa tikiti, ukisafiri pointi zinaingia. Wengine wanaziita maili, wengine Avios, jina halisumbui.

Tofauti ndiyo tamu. Fikiria Bonga yako ingekubaliwa pia Airtel. Umechoma pesa kwa mtandao mmoja, unakula kwa mwingine. Safaricom hawatawahi kukufanyia hivyo, lakini ndege zinafanyiana. Ziko katika vyama, kama chama ya wamama ila wanachama ni mashirika ya ndege. Kuna Star Alliance, ambako Ethiopian aliingia 2011. Kuna SkyTeam, ambako KQ yetu iliingia 2010 na Saudia wakafuata 2012. Kuna oneworld, ambako British Airways ni mwanzilishi na Qatar wakaingia 2013. Ukiwa mwanachama wa mmoja, unaweza kupanda mwenzake na pointi zikaingia kwako. Na siku ya kukomboa unaweza kutoa pointi kwa huyu ukakalia kiti cha yule.

Hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa, kwa hivyo nirudie polepole. Huendi kuuliza ndege unayotaka kupanda. Unaenda kwa akaunti ulikoweka pointi, na hiyo akaunti ndiyo inakutafutia kiti kwa mwenzake. Mama mboga wako wa kila siku anatuma mtoto kwa jirani akuletee sukuma, wewe unalipa kwake. Kama hivyo.

Mimi nilijua haya yote kwa sababu ya kifo, si kwa sababu ya video.

Shosho alituacha usiku wa Jumapili. Kamati ilikaa Jumatatu, mazishi yakapangwa Jumamosi ushago, Vihiga. Kundi la WhatsApp likafunguliwa, michango ikaanza, na ukisema michango Kawangware unajua ni mia mbili mia mbili na pole nyingi. Jeneza, mochari, gari, chakula cha watu. Anti yangu, kitinda mimba wa shosho, alikuwa Doha akifanya kazi ya nyumba. Bosi wake alimpa siku kumi. Lakini tikiti akasema ni juu yake mwenyewe, kwa sababu mkataba ulikuwa umebaki miezi saba na mkataba unalipa tikiti ukiisha, si ukiwa katikati.

Tikiti ya kuja tu, kununuliwa siku tatu kabla, ilikuwa inasoma zaidi ya elfu sabini. Kundi zima lilikuwa limefika elfu tisini na kitu. Anko ambaye ni mweka hazina, mtu asiyezunguka maneno, akaandika: "Jamani tuchague. Tumzike mama, ama tumlete binti yake." Ile blue tick unaiona tu, watu wamesoma, hakuna anayejibu. Mathe aliweka simu kifudifudi mezani akaendelea kuchambua mchele. Anti naye alikuwa kwa hilo kundi. Alisoma pia.

Saa sita usiku cuzo akaandika. Yeye ni mtunza wazee huko Leicester, Uingereza. "Niko na Avios." Basi. Anko akamuuliza, kwa heshima kabisa, "Mama, hizo zinatumwa kwa M-Pesa?"

Hazitumwi. Lakini sikiliza alikozitoa. Huko Uingereza kuna supamaketi inaitwa Sainsbury's, na kadi yao ya pointi inaitwa Nectar. Tangu 2021 pointi za Nectar zinaweza kugeuzwa kuwa Avios, pointi za British Airways. Cuzo alikuwa amenunua mkate, sabuni na mchele kwa miaka miwili, kila mwezi anageuza. Akaongezea zile za ndege iliyompeleka. Na tangu 2022 Qatar Airways wanatumia Avios pia, kwa hivyo hizo akaunti mbili zinaongea lugha moja. Msichana ambaye hajawahi kukanyaga Doha alikuwa ameokota kiti cha Doha kwenye rafu ya supamaketi.

Akaingia kwa akaunti yake ya British Airways, akatafuta Doha kuja Nairobi na Qatar. Jumatano hakuna. Alhamisi kiti kimoja. Anti akatuma picha ya pasipoti, cuzo akajaza jina kama lilivyo, majina yote matatu, akalipa kodi na ada za uwanja kwa kadi yake, pauni zake mwenyewe. Kitu dakika ishirini na tano. Kitambo tuamke, kundini kulikuwa na tikiti ya jina la anti, na yeye ameandika tu "nakuja".

Alhamisi alitua JKIA. Gari la maiti lilitoka saa tatu usiku. Alisafiri ndani yake, kando ya mamake, mpaka Vihiga. Hajawahi kutuelezea ile safari na hatujamuuliza.

Sasa turudi kwa biashara, kwa sababu kuna vitu watu wa video hawasemi.

Kwanza, bure si bure. Pointi zinalipa kiti. Kodi na ada unalipa pesa taslimu, na kuna ndege zinaongeza ada za juu mpaka unajiuliza pointi zilikuwa za nini. Piga hesabu kabla hujabonyeza.

Pili, viti vya pointi ni vichache, na mwenzako kwenye chama anakupa vichache zaidi ya vile anavyojipa yeye. Kile kiti cha Alhamisi kingeweza kukosekana. Desemba, kila mtu akienda nyumbani, tafuta ukitaka, lakini usishike roho yako. Mwenye pointi nyingi na tarehe moja tu ana bahati mbaya kuliko mwenye pointi kiasi na wiki nzima ya kuchagua.

Hesabu ya tatu ndiyo inaniuma. Mkataba wa kazi za nyumba Saudia kwa kawaida ni miaka miwili. Flying Blue, ile programu ya Air France na KLM, inakupa miezi 24: usipopanda ndege inayohesabika ndani ya muda huo, pointi zinakufa. Ona sasa. Dada anaenda Riyadh mwezi wa tatu, anafungiwa ndani ya nyumba ya watu miaka miwili, na ile wiki anapanga sanduku kurudi ndiyo wiki pointi zake za kwenda zinazimika. Hakuna aliyeketi akapanga hivyo kwa ubaya. Ila wakati wa kutunga hizo sheria, mteja aliyekuwa akilini alikuwa mtu wa mkoba anayesafiri kila mwezi. Msichana wa Kawangware hakuwa kwenye hiyo picha.

Kwa hivyo chagua chama kulingana na maisha yako. Qatar wanahesabu miezi 36 tangu akaunti iguswe mara ya mwisho, na Emirates pia wako kwa miaka mitatu. Kwa mtu wa mkataba, huo mwaka mmoja wa ziada ndio tofauti ya kitu na kapu tupu. Na ukichagua, kaa hapo. Ukisambaza pointi elfu mbili mbili kwa akaunti nne, huna kitu mahali popote.

Halafu jina. Akaunti iwe na majina ya pasipoti, herufi kwa herufi. Nimeona mtu amejisajili kama "Mama Brayo". Mama Brayo hana pasipoti. Na kile kikaratasi cha kupandia ndege, ambacho akina anti hukiweka ndani ya Biblia kama ukumbusho, usikitupe. Safari ikipita bila pointi kuingia, mara nyingi una miezi michache ya kudai, na wanataka namba ya tikiti. Kama ajenti ndiye amenunua, mpe namba yako ya uanachama kabla hajanunua, ama iseme mwenyewe kaunta uwanjani. Hawakuulizi usipotaja.

Lakini pia sitaki mtu atoke hapa akifikiri hizi ni akiba. Tikiti moja ya bei ya chini ya Nairobi na Riyadh inakupa pointi kidogo sana, daraja la bei ndilo linaamua, na kampuni inaweza kupandisha bei ya kiti kwa pointi bila kukupigia simu. Huu mchezo ulipata nguvu 1981, American Airlines walipoanzisha wao, na leo pointi ni biashara kubwa kiasi kwamba 2020, Corona ikiwa imelaza ndege chini, United ya Marekani ilichukua programu yake ya pointi ikaiweka kama dhamana na kukopa dola bilioni 6.8. Ni kama jamaa wa nduthi kuweka logbook, ila logbook yenyewe ni pointi za wateja. Wao wanajua thamani yake. Ndio maana wanakupa kwa kijiko.

Na kuna wakora. Telegram imejaa watu wanauza "tikiti za pointi" nusu bei. Kumkombolea ndugu yako inakubalika, kama cuzo alivyofanya. Kuuza ni marufuku kwa sheria za karibu kila programu, na wakishtuka wanafuta tikiti. Binti mmoja wa Makina ninayemjua alifika JKIA na mabegi mawili, tikiti inaonekana kwa simu yake, kaunta wakamwambia ilifutwa jana yake. Elfu thelathini na nane. Muuzaji alikuwa ashamblock kabla hata hajafika kwa taksi.

Swali ambalo nimekuwa nikiwauliza wasee wa base hapa ni hili: kwa nini yale mafunzo wanapewa wasichana kabla ya kwenda Gulf, ya kutumia mashine ya kufua na kusema "naam" kwa Kiarabu, hayana hata dakika tano za hii? Boyz wananiambia, bro, pointi ni kitu kidogo, msichana ako na shida za pasipoti kushikwa na mshahara kucheleweshwa. Ni kweli, siwezi kubishana. Lakini nyumbani kwetu kitu hicho kidogo kilimtoa mtu Doha wakati elfu tisini za watu hamsini hazikuweza kumtoa bila kumuibia marehemu jeneza.

Tikiti ya anti ya kurudi ililipwa na mkopo wa chama ya mathe, na bado tunaulipa. Kabla hajaondoka, cuzo alimfungulia akaunti yake kwa simu, majina matatu, na namba ikawekwa kwa hiyo tikiti ya kurudi. Wiki iliyopita anti alinitumia picha ya skrini: pointi mia saba na kitu. Akaniuliza zinatosha kufika wapi. Nikamwambia hata Mombasa hazitoshi. Akacheka, akasema basi mkataba ukiisha tikiti ya bosi lazima iwe na namba yake, na kwamba tayari ameiandika nyuma ya mlango wa kabati jikoni, asije akasahau.