Fedha Ndogo Katika Mji wa Dubai

Katika likizo ya Desemba iliyopita nilifuatana na mama yangu kwenda Dubai. Mama ni mfanyabiashara. Anauza mabaibui, mitandio na mashuka katika duka dogo pale Tanga, na kila mwaka huenda mara moja au mbili kununua bidhaa katika masoko ya Deira, kama wafanyavyo wachuuzi wengi wa pwani yetu. Safari hii alinichukua mimi ili nimsaidie kuhesabu na kubeba. Niliporudi shuleni, wenzangu walitaka niwasimulie habari za Burj Khalifa, lile jengo la mita 828 linalopita majengo yote ya dunia kwa urefu. Nimeliona, kwa mbali, nikiwa dirishani mwa treni. Lakini jambo nililolitazama zaidi ni fedha ndogo, kwa kuwa mama alinifanya mimi kuwa mtunza chenji wake, na kwa muda wa siku tisa mfuko wa shati langu ndio uliokuwa sanduku la sarafu.

Fedha ya huko ni dirhamu. Tangu mwaka 1997 thamani yake imefungwa na dola ya Marekani, hata dola moja ni dirhamu 3 na fils 67, leo na kesho. Noti iliyo ndogo kuliko zote ni ya dirhamu 5. Chini ya hiyo ni sarafu tupu: dirhamu 1, yenye picha ya dele la kahawa kama yale wanayotembeza wauza kahawa wa kwetu jioni, fils 50, yenye pembe saba na picha ya minara ya kuchimbia mafuta, na fils 25, yenye picha ya paa. Thamani imechongwa kwa tarakimu za Kiarabu, na hapo ndipo wageni wengi wanapopata taabu, maana tano ya Kiarabu ni duara kama sifuri yetu, na sifuri yao ni nukta. Mtu asiyejua akiishika fils 50 huona sifuri na nukta, akadhani haina thamani. Mimi sikupata shida. Mtoto yeyote aliyekwenda chuoni na kufuata hesabu za aya katika juzuu yake anazijua tarakimu hizo kabla hajajua kusoma gazeti.

Jambo jingine lilinichekesha. Hilo neno fils latoka katika neno la Kiarabu ambalo wingi wake ni fulus, na sisi tunalo: fulusi. Nikaanza kufikiri habari ya maneno yetu mengine. Pesa latoka katika paisa ya Kihindi, ambayo ilikuwa kipande kidogo cha rupia; siku za Wadachi katika nchi yetu rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 Wadachi wakaibadili hesabu hiyo, rupia ikawa Heller 100, na hapo ndipo tulipopata neno hela. Basi tazama, mtu akisema leo ana pesa, au hela, au fulusi, hata kama ni mamilioni, anayataja kwa jina la sarafu ndogo kabisa ya watu fulani. Huko Dubai nako walitumia rupia, mpaka mwaka 1966, na dirhamu yao ilikuja mwaka 1973. Kwa hiyo babu wa babu yangu angeweza kushuka jahazini Deira na rupia yake mfukoni, akanunua tende bila kubadili fedha. Sisi tulibadili mara mbili, shilingi kwa dola, na dola kwa dirhamu, na kila mara mbadilishaji alikata chake.

Sasa nieleze habari ya kusafiri mjini. Mabasi ya Dubai hayapokei fedha taslimu. Wala kondakta hakuna, wa kumwambia, "Shika elfu, nidai chenji." Mtu hununua kadi iitwayo Nol, huitia fedha, kisha huigusisha kwenye mashine aingiapo na atokapo. Kadi ya rangi ya fedha ni dirhamu 25, na katika hizo dirhamu 19 ni nauli yako. Treni za mjini hupigiwa hesabu kwa kanda: dirhamu 3 kama huvuki kanda yako, 5 ukiingia kanda ya jirani, na 7 na nusu ukienda mbali zaidi. Treni hizo zilianza tarehe 9 Septemba 2009, na hazina dereva. Mimi nilisimama mbele kabisa nikaiona reli inatujia kana kwamba mimi ndiye ninayeendesha. Mama alitaka tutumie kadi moja sisi wawili, kama mtu anavyowalipia wenzake katika daladala. Haiwezekani, kila abiria sharti awe na yake. Tena liko behewa la wanawake na watoto peke yao, na mwanamume akionekana humo hutozwa faini. Basi mama aliketi kule na mitandio yake, nami nikasimama huku, na kadi mbili zikawa hazina budi.

Teksi sitaisema sana, kwa sababu mama hakuipenda. Zote zina mita, na hakuna kupatana bei, jambo lililomwudhi mama kuliko bei yenyewe. Ukiipanda uwanja wa ndege mita huanza dirhamu 25 kabla gurudumu halijazunguka, na gari likipita chini ya lango la ushuru wa barabara, ushuru ule huongezwa kwako.

Kilichotufurahisha ni abra. Mji umekatwa na mkono wa bahari uitwao Khor, upande mmoja Deira, upande wa pili Bur Dubai, na mashua za mbao zinavusha watu mchana kutwa. Nauli ni dirhamu 1. Treni inapita chini ya maji yale yale, na nauli yake haiwi chini ya 3. Abiria wapata ishirini hukaa kuipa mgongo injini iliyo katikati, nahodha akatoa mkono, na kila mtu akatia sarafu yake, hata asiye karibu huipitisha kwa jirani. Siku nilizovuka mimi sikuona sarafu hata moja iliyopotea njiani.

Katika abra hizo ndimo alimokuwa akipita kila siku kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye sasa ni mwaka wa sita anafanya kazi ya kupokea mizigo ya wageni katika hoteli moja ya Deira. Analala Bur Dubai pamoja na wenzake kwa kuwa kodi waliipata nafuu huko. Usiku wa pili alikuja kumwamkia mama, tukala wali wa kununua, na mama akamwuliza kama kazi inamlipa.

"Mama mdogo," alisema, "mshahara wangu si wangu. Ukiingia tu naupeleka nyumbani, wewe wajua. Mimi nakula bakshishi."

Akatueleza. Alipofika, karibu kila mgeni alikuwa na noti mfukoni, na mtu akifikishiwa sanduku chumbani alitoa 5, au 10. Siku hizi wageni wanalipa kwa kadi na kwa simu. Chumba kwa kadi, chakula kwa kadi, hata chupa ya maji. Anapoyatua masanduku, mgeni hujipapasa mifuko yote, akasema kwa masikitiko kwamba hana fedha taslimu. "Na ni kweli hana," alisema kaka. "Simlaumu. Lakini mkono wangu huu hauna tundu la kuchomeka kadi." Siku nyingine, alisema, anapata ya abra na ya mkate, basi.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba sisi si matajiri, tumekuja kutafuta, wala hatukuja kugawa. Na kwamba dirhamu 5 ni zaidi ya shilingi 3,000, ambazo ni faida ya mtandio mzima. Maneno hayo yana haki yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika katika daftari kila fils iliyotoka, na nilijua tumebakiwa na ngapi. Kaka alicheka akasema yeye hasemi habari ya mama yake mdogo, anasema habari ya hoteli.

Hata hivyo kulipokucha mama alikwenda kwa mbadilishaji fedha, akaomba dirhamu 100 zote kwa noti za tano tano. Akazifunga katika pindo la kanga, mbali na fedha za bidhaa. Hakunieleza neno, wala mimi sikumwuliza.

Siku ya kufunga mizigo tulipatana na hamali mmoja atupelekee marobota yetu kwa mkokoteni mpaka kwa wakala wa meli. Bei ilikuwa dirhamu 20, na mama alikuwa ameishusha kutoka 35 kwa maneno mengi. Tulipofika akamlipa 20 zake, kisha akafungua pindo akampa noti ya tano juu yake. Yule mtu akaigeuza pande mbili, akaweka mkono kifuani, akarudi kuikaza kamba ya robota lililokuwa limelegea. Mimi niliona ajabu kwamba mtu mmoja anaweza kugombania dirhamu 15 saa nne asubuhi, na kutoa 5 bila kuombwa saa sita. Mama alisema hayo ni mambo mawili. Ujira hupatanwa kabla ya kazi, na kila mtu huvuta upande wake, bakshishi haipatanwi.

Wenzangu wengine niliowasimulia walisema bakshishi ni ile ile pesa ya chai, iliyoharibu kazi katika nchi nyingi. Sikubali. Pesa ya chai huombwa kwanza, na mtu huitoa ili apewe kitu ambacho tayari ni haki yake. Bakshishi hutolewa kazi ikiisha kufanyika, mbele ya watu, na asiyetoa hakunyimwa kitu. Katika lugha yetu lipo neno kiinua mgongo, ambalo sasa twalisikia kwa malipo ya wastaafu. Naona lingemfaa zaidi mtu aliyeinama kuchukua sanduku la mwenzake.

Tulipoondoka tulikuwa na kadi mbili za Nol zenye dirhamu chache ndani yake. Hizo mama amezitia sandukuni chini ya kanga zake, maana zinadumu miaka mitano na yeye atarudi. Zilibaki sarafu. Sarafu za kigeni hazibadiliki dukani kwetu, hupokea noti tu, nami nilikuwa nimekwisha kuamua kuja nazo shuleni niwaonyeshe lile dele la kahawa. Lakini uwanjani, kaka alipokwisha kutuwekea mizigo kwenye mizani, mama aliniambia niutoe mfuko wangu wote. Akamwekea sarafu mkononi, akasema si bakshishi hii, ni ya abra.

Kaka akazihesabu. Zilikuwa dirhamu tisa.

"Siku nne," alisema, "na ya tano kwenda bila kurudi."