Kapsheni Niliyomwandikia Staa Kule Maruhubi

Mdau, kuna picha za bethdei ya staa mmoja wa kike ambazo najua ulizilaiki. Simtaji, na ukimjua kausha. Amevaa gauni la dhahabu, kasimama katikati ya nguzo nene za mawe zilizopangana mistari, hazibebi kitu, juu ni mbingu tu. Watu walijaza vimoto kwenye komenti. Mimi nilikuwa pembeni nimeshika rifleketa, jasho linanitoka kama nimepanda Mbinga kwa mguu.

Pale ni Maruhubi, Unguja, kilomita kama 4 kutoka Mji Mkongwe ukishika barabara ya Bububu. Lilikuwa kasri la Sultani Barghash, likajengwa mwanzoni mwa miaka ya 1880, likaungua 1899. Mbao zikateketea, mawe yakabaki. Na kwa macho yangu kitu kikali zaidi pale sio hizo nguzo za kupigia picha. Ni majengo ya maji: hamamu ya mawe na vyumba vyake, mfereji uliojengewa juu juu, na mabirika makubwa ambayo sasa yameota mayungiyungi. Yaani kuna mtu alikaa akapiga hesabu ili mwenye nyumba asiwe na shida ya maji maisha yake yote.

Muongoza watalii akatupa ile stori yao maarufu, eti humo alikaa mke mmoja na masuria 99. Staa wala hakushtuka na hao 99. Akauliza, "Sasa wote hao, nani alikuwa anaenda kuteka maji?"

"Hakuna dada, maji yalikuwa yanakuja yenyewe."

Alicheka mpaka kope za bandia zikataka kudondoka. Baadaye, tukiwa wawili, akaniambia kwao walikuwa wanapanga madumu bombani saa 10 usiku, na yeye ndiye alikuwa analinda foleni. Hiyo hutaisikia kwenye intavyuu yoyote. Kisha akasema, "Kaka wewe una maneno, niandikie kapsheni."

Nikamwandikia: "Malkia hafuati maji, maji yanamfuata malkia."

Unaikumbuka, si ndiyo? Watu waliichapisha mpaka kwenye fulana. Mimi nikaongezewa elfu 50 juu ya malipo yangu, nikajiona mjanja.

Usiku bibi akapiga. Mimi kwetu ni Mbamba Bay, Ziwa Nyasa liko chini ya nyumba, na bibi kapandisha maji ya lile ziwa kichwani tangu akiwa msichana. Binamu yangu alikuwa kamwonyesha picha na kumsomea.

"Mume wangu, hilo jumba la nani?"

Nikamwambia la Sultani wa Unguja, zamani sana.

Akanyamaza. Nikadhani vocha imekata. "Unguja ile walikopelekwa watu?"

Jamani. Hii kitu nimesoma shuleni, nikajibu mtihani, nikapata na alama. Misafara ilitoka huku kwetu Nyasa mpaka Kilwa, kutoka Kilwa watu wanapakiwa kwenye majahazi kwenda Unguja. Barghash mwenyewe, akibanwa na Waingereza, alisaini mkataba wa kufunga soko la watumwa mwaka 1873. Lakini utumwa wenyewe ulikuwa halali Unguja hadi 1897, miaka miwili tu kabla ya ule moto. Kwa hiyo karibu umri wote wa lile kasri kulikuwa na watu wa kumilikiwa kisiwani, na wengi asili yao ni kandokando ya ziwa letu. Maji yanakuja yenyewe wapi? Mawe yale yalibebwa. Birika lilichimbwa na mtu, na kuni za hamamu kuna mtu alizikata.

Sisemi Barghash hakufanya la maana, maana ndiye aliyewaletea watu wa mjini maji ya chemchemi kwa mabomba. Sawa. Ila bibi alikuwa bado yuko hewani.

"Hayo maneno kaandika nani?"

"Kaandika mwenyewe huyo dada."

Nimemdanganya bibi yangu kwa ajili ya elfu 50. Na kapsheni mpaka leo ipo. Ningeweza kumwomba staa aibadilishe, ni mtu muelewa, lakini kila nikifungua meseji naandika "mambo vipi boss" halafu naishia hapo.

Kesho yake nilipanda daladala nikarudi Maruhubi peke yangu. Nikapiga birika tu, mayungiyungi na maji, bila mtu. Nikamtumia binamu amwonyeshe bibi. Jibu lilikuja kwa sauti, kuku wanasikika nyuma:

"Mwambie huyo binti kapendeza. Na wewe ukija niletee ndoo, hii imetoboka."