Kusoma kwa Masikio

Waswahili husema mwenye macho haambiwi tazama. Je, asiyekuwa nayo aambiwe nini? Swali hili hunijia kila nisikilizapo kompyuta yangu ya Linux ikinisomea ukurasa wa intaneti. Macho yangu yalikwisha kuniaga zamani. Sasa nasoma kwa masikio.

Anayeona huutupia ukurasa jicho mara moja akajua habari iko wapi na kitufe cha kubonyeza ni kipi. Mimi huletewa neno baada ya neno, kama maji ya bomba jembamba. Ili nisichoke njiani, kivinjari hakina budi kufanya kazi ya pili isiyoonekana: kuupanga ukurasa kama mti, kikionyesha vipi ni vichwa vya habari, vipi ni viungo, vipi ni visanduku vya kujaza. Mpangilio huo hukabidhiwa programu iitwayo Orca, nayo huipa eSpeak iutamke, au huutuma kwenye kibao cha nukta nundu. Nikibonyeza herufi H, naruka hadi kichwa kinachofuata. Hapo nami, kwa namna yangu, nimeutupia ukurasa jicho.

Lakini mti huo humea vema pale tu mtengenezaji wa ukurasa alipopanda mbegu. Kitufe kisichopewa jina husomwa "kitufe", basi. Kitufe cha nini? Cha kutuma fedha au cha kufuta barua? Na picha isiyo na maelezo ni ukuta mtupu, ingawa maneno matatu tu yangetosha kuutoboa dirisha.

Nyenzo hizi hazikushuka kutoka mbinguni. T. V. Raman, mtaalamu wa kompyuta asiyeona, alitoa Emacspeak mwaka 1995. Orca nayo ilianzishwa na Marc Mulcahy, ambaye pia haoni, akiwa katika kampuni ya Sun Microsystems. Mwaka 2010 Sun ilinunuliwa na Oracle, na Willie Walker, aliyekuwa akiongoza kazi ya Orca, akapoteza ajira. Sisi tulioitegemea tulishika tama. Joanmarie Diggs akaushika usukani, na jahazi halikuzama.

Tangu hapo nimelitafakari sana neno "bure". Orca haiuzwi, kila mtu aweza kuichukua. Lakini kitu cha bure hakikosi gharama: kuna mtu aliyekilipia kwa saa zake na usingizi wake. Inatisha kuona jinsi njia ya watu wengi ilivyoegemezwa kwenye mabega machache.

Nani ajuaye thamani ya mabega hayo? Ni yule ambaye kila barua yake ilipita kwanza machoni pa mwingine: ya daktari, ya mwajiri, hata ya mchumba. Msomaji wako aweza kuwa mwema kupindukia, na bado siri yako si siri tena. Leo barua yangu naifungua mwenyewe, nimevaa visikizio, na habari mbaya zikiwamo, mimi ndiye wa kwanza kuzijua.