Miguu ya Motokaa

Msomaji mpenzi, yamkini siku moja utakuwa na motokaa yako mwenyewe. Itakapofika siku hiyo hutakosa watu wa kukushauri juu ya rangi yake, ukubwa wa injini yake na sauti ya redio yake. Walakini ni wachache watakaokushauri juu ya vitu vilivyofichwa kati ya bodi na magurudumu, ambavyo mimi napenda kuviita miguu ya motokaa. Kazi yangu ni ualimu, na chuoni sikufundishwa kufungua nati. Nathubutu kukuandikia habari hii kwa kuwa nilivichagua vitu hivyo vibaya mara ya kwanza, na aliyeumia kwa uchaguzi wangu alikuwa mama yangu.

Kwetu ni milimani Taita, juu kidogo ya Wundanyi. Mwaka 2021 mama aliteleza shambani akavunjika nyonga. Alipasuliwa, akapona kwa kadiri ya umri wake, lakini alitakiwa kwenda hospitalini Voi mara kwa mara ili atazamwe na kufanyishwa mazoezi ya mguu. Safari hiyo ina barabara za namna tatu. Kutoka nyumbani kuna kilomita 9 za udongo na mawe, zenye vifereji ambavyo mvua huvichimba kukata njia. Kisha huja lami ya kuteremka kutoka Wundanyi hata Mwatate, yenye kona kali zinazofuatana. Baada ya Mwatate nchi ni tambarare, barabara hunyooka mpaka Voi, na udhia uliobaki ni matuta tu.

Nilikopa fedha katika chama chetu cha ushirika nikanunua Toyota Corolla Fielder iliyokwisha kutumika Japani, kama yalivyo magari mengi katika barabara zetu. Ilikuwa motokaa njema, ila iliundwa kwa barabara laini. Tumbo lake liko kiasi cha sentimita 15 na nusu tu juu ya ardhi. Katika zile kilomita 9 mawe yalilikwaruza tumbo hilo kila siku, na kila mkwaruzo niliusikia moyoni, maana deni lilikuwa bado bichi. Walimu wenzangu wawili walikuwa wamekwisha kuinua magari yao. Yalisimama juu kama majogoo, na mimi, nakiri, niliyaonea wivu.

Hapa sina budi kukueleza viungo vyenyewe. Uzito wa motokaa hubebwa na springi. Gurudumu likipanda jiwe, springi hujikunja, na bodi haipandi sana. Lakini springi ina tabia moja: ikisha kukunjwa hutaka kujirudi, na katika kujirudi hupita kipimo, ikajikunja tena, na kuendelea hivyo hivyo kama kitanda cha kamba kilichorukiwa na mtoto. Kinachoituliza ni kile ambacho mafundi wetu hukiita shoki. Ndani yake mna pistoni iliyozama katika mafuta. Gurudumu linapopanda na kushuka, mafuta hulazimishwa kupita katika vitundu vidogo, na nguvu za mtikiso hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana ukiigusa shoki nzima baada ya mwendo wa barabara mbaya utaikuta ina moto. Katika shoki nyingi za siku hizi hutiwa pia gesi ya naitrojeni yenye shinikizo, ili mafuta yasifanye povu yanaposukwasukwa, kwa maana povu halizuii kitu. Springi hubeba na shoki hutuliza, wala moja haiwezi kushika kazi ya mwenziwe. Laiti ningalijua jambo hili dogo, nisingalipoteza fedha.

Katika motokaa ndogo nyingi, na yangu ikiwamo, springi na shoki za mbele zimeunganishwa kuwa mguu mmoja uliosimama. Mtindo huu unaitwa kwa jina la mhandisi wa Marekani, Earle MacPherson, na Ford Consul na Ford Zephyr zilizotoka mwaka 1950 zilikuwa miongoni mwa motokaa za kwanza kuwa nao. Sifa yake ni urahisi na kuchukua nafasi ndogo. Lakini mguu huo una mwisho wa kujikunja na mwisho wa kujinyosha, na kila sentimita unayoiongeza upande mmoja umeiondoa upande wa pili.

Fundi wa kwanza niliyemwendea hakuniuliza neno. Alinionyesha spesa, yaani pete nne nene za plastiki ngumu, za kutiwa juu ya springi ili bodi iinuke. Bei yake pamoja na kazi ilikuwa shilingi 6,000. Jioni ile nilirudi nyumbani mawe yakinipita chini bila kunigusa, nami nikajiona hodari.

Furaha yangu haikutimiza mwezi. Kila gurudumu lilipoangukia shimo, kishindo kilisikika cha chuma kwa chuma. Spesa zilikuwa zimeinyosha shoki karibu na mwisho wake, hata gurudumu lilipotaka kushuka halikuwa na pa kushukia. Viungo vya ekseli za mbele vikawa vinazunguka kwa pembe kali kuliko ile vilivyoundiwa, navyo vikaanza kulia nilipokata kona. Tairi zikalika upande mmoja, maana baada ya kuinua gari sikulipeleka kupimwa alaimenti. Na shoki zenyewe zilikuwa zile zile zilizokuja na gari, zimechoka tangu Japani. Nilikuwa nimeongeza kimo juu ya uchovu.

Siku moja ya mvua, katika mwezi wa Novemba, nilikuwa nikiteremka na mama kwenda Mwatate. Sikuwa nakwenda mbio. Katika kona moja lami ilikuwa imevunjikavunjika, na tairi za nyuma, kwa kukosa shoki ya kuzikandamiza chini, zikarukaruka badala ya kushika njia. Mkia wa gari ukatoka nje, na bodi iliyoinuliwa ikainama kuelekea bondeni kuliko nilivyopata kuiona ikiinama. Tulisimama pembeni, magurudumu mawili katika majani. Hakuna aliyejeruhiwa. Mama alikuwa ameshika kishikio cha juu ya mlango kwa mikono miwili. Akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, gari hili umeliinua ili lione nini?"

Sikuwa na jibu. Hata hivyo sikubadili kitu. Nilijiambia kwamba kosa lilikuwa la mvua. Baadaye mama akakataa kwenda hospitali mara mbili zikifuatana. Alisema mguu hauumi tena, na zamu ile ipite. Dada yangu ndiye aliyenifichulia siri. Mguu ulikuwa ukiuma sana, lakini kila kishindo cha gari kilimpiga nyongani, naye alichelea kuniambia kwa kuwa alijua nilikopa fedha zile kwa ajili yake. Nimesahihisha makosa mengi ya watoto kwa wino mwekundu, msomaji, lakini kosa langu hili mwenye kuumizwa nalo alilificha ili nisione haya.

Fundi wa pili nilimpata Voi. Alikuwa mzee mwenye maneno machache, na kabla ya kushika spana aliniuliza ni nani huketi katika gari, hubeba mzigo gani, na hupita njia ipi. Nilipomwambia habari za mama aliinamisha kichwa. Kisha akakandamiza kila pembe ya gari kwa mikono yake akaiachilia. Gari lenye shoki nzima hupanda mara moja likatulia. Langu lilipanda na kushuka mara tatu. Akanionyesha mafuta yaliyovuja juu ya shoki moja ya nyuma, akatikisa kwa mtaimbo bushi za mpira za mikono ya chini, nazo zilikuwa zimepasuka kabisa. "Mwalimu," aliniambia, "umelivalisha gari viatu virefu, na magoti yake yanauma."

Nilimwuliza kama haifai basi kutia springi ngumu zaidi, maana nilidhani ugumu na uimara ni kitu kimoja. Vijana wengi wanadhani vivyo hivyo, na wengine hutia springi fupi na ngumu ili gari likae chini kama ya mashindano. Springi kama hizo zina haki yake: gari haliinami sana katika kona, na usukani hujibu upesi. Lakini hayo ni malipo ya lami iliyo safi. Katika barabara ya mawe springi ngumu hulipeleka kila jiwe mpaka uti wa mgongo wa abiria, na gurudumu huruka juu ya njia badala ya kuifuata. Wazee wetu waliozipanda Peugeot 404 wanalijua jambo hili. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalishindwa na motokaa hiyo mwaka 1963, kisha mwaka 1966, 1967 na 1968 mfululizo, na ilikuwa motokaa ya springi laini, ambayo magurudumu yake yalikuwa na nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Katika njia mbaya ulaini unaotawaliwa na shoki njema hushika barabara.

Kulikuwa na njia nyingine mbele yetu. Zipo springi ndefu kidogo zinazouzwa pamoja na shoki za kufanana nazo, na mtu asiyeweza kuishi bila kimo afadhali achague hizo kuliko spesa, kwani mguu mzima umepimwa kwa pamoja. Zipo pia springi nzito za nyuma kwa mwenye kubeba magunia kila siku. Gari likiwa tupu nazo hurusha watu kama punda asiyependa kupandwa. Kwangu mimi, mwenye kubeba mama, vitabu na mara moja moja gunia la viazi, fundi alishauri turudi katika kimo cha kwanza na kukifanya kizima: shoki nne mpya za gesi zenye ugumu wa kawaida, springi mbili mpya za mbele kwa kuwa za zamani zilikuwa zimelegea, na bushi zote zilizokufa.

Shoki zilizotolewa katika magari yaliyobomolewa Japani zilikuwepo kwa bei ya chini sana, nami nilizitamani. Sikuzinunua, kwa sababu hakuna ajuaye umri uliobaki ndani yake. Fundi alinifundisha kuijaribu shoki ya gesi kabla ya kulipa: isimamishe wima, ikandamize kwa uzito wako, uiachilie. Fimbo yake lazima ipande yenyewe, polepole, bila kukwama popote. Katika ekseli moja, kulia na kushoto hubadilishwa pamoja, ama sivyo gari litakuwa kama mtu mwenye kiatu kimoja.

Na mawe je? Hili ndilo swali lililonipeleka kwa fundi tangu mwanzo, wala halikuwa la upuuzi. Chini ya injini alifunga bamba la chuma, ili jiwe likigusa liguse hilo. Kisha akanishauri, tairi zitakapokwisha, ninunue zenye ubavu mrefu kidogo kwa rimu zile zile, baada ya kupima kwamba hazigusi kitu usukani unapokatwa mpaka mwisho. Zililiinua gari kwa sentimita moja tu, lakini ubavu wa tairi nao ni springi, na hewa iliyomo ndani yake hubeba jiwe dogo kabla halijaifikia springi ya chuma. Kipima mwendo sasa huonyesha pungufu kidogo ya mwendo wangu halisi, na hilo nalikumbuka ninapoendesha. Nilikuwa pia na desturi ya kujaza upepo mpaka tairi ikawa ngumu kama ubao, nikidhani nazilinda. Kipimo chake kimeandikwa kwenye mlango wa dereva, nami kwa muda wote ule sikuwahi kukisoma, mimi niliye mwalimu.

Gharama zote zilipita shilingi 50,000. Ni fedha nyingi, na katika muhula ule sikununua hata jozi moja ya viatu. Tulipomaliza gari lilipimwa alaimenti, na nilipolitazama kwa mbali sikuona tofauti yoyote na lile nililolinunua. Mwenzangu mmoja wa majogoo alinicheka kwa kulishusha. Nilimkaribisha tuende naye mpaka kwetu, akakaa kiti cha nyuma, na tangu tulipofika hakulizungumza tena jambo lile.

Mama sikumwambia kilichobadilishwa. Nilimwomba tu aende nami Voi siku ya zamu yake, akakubali kwa shingo upande, na alipoingia alikishika kile kishikio. Katika kilomita 9 za kwanza nilimtazama kwa kioo. Gari lilikuwa likipanda na kushuka, lakini mara moja moja tu kila jiwe, na kila shimo liliishia chini yetu bila kishindo. Kabla ya Wundanyi mkono mmoja uliachia. Katika zile kona uliachia wa pili, akaanza kuniuliza habari za bei ya mahindi. Tulipoyafikia matuta karibu na Voi alikuwa amelala, na mlinzi wa lango la hospitali ndiye aliyemwamsha.

Spesa zile nilizirudisha nyumbani nikaziweka chini ya meza yangu, nikikusudia kuziuza. Juzi niliziona mbili tu. Nyingine mbili mama amezichukua bila kuniuliza, amezipanga jikoni moja juu ya nyingine, na mtungi wake wa maji ya kunywa umekaa juu yake barabara.