Taa ya Mtumbwi Si ya Mwenye Mtumbwi

Kikuyu, katika jiji la Dodoma, iko mbali na bahari kwa zaidi ya kilomita 300. Mgeni atokaye visiwani hukutana huko na vumbi, mibuyu na msimu mmoja tu wa mvua. Hata hivyo samaki huliwa, na baadhi yao hutoka Mtera, bwawa la Mto Ruaha Mkuu lililo kati ya Dodoma na Iringa. Samaki akishafika chunguni, hapana aulizaye kama aliyemvua alikuwa na taa.

Swali hilo lastahili kuulizwa. Bwawa la Mtera lilifunika miti, na mingine ingali imesimama mikavu majini. Viboko na mamba nao wamo. Maji yake huzungusha mitambo ya umeme ya megawati 80, iliyoanza kazi mwaka 1988. Maji yale yale yanayochangia kuwasha taa za mijini, mvuvi huweza kuyavuka gizani kwa mtumbwi na kasia, kwa kuwa betri ina bei na pato ni haba.

Wahenga waliasa: usisafirie nyota ya mwenzio. Nyota humfaa anayeitazama. Taa ya mtumbwi ni kinyume chake. Humfaa mwingine, yule ajaye kwa mashine naye hajui kuwa mbele yake kuna mtu. Mpiga kasia, macho yake yakishazoea giza, huona vyema bila taa. Hapo ndipo anapojidanganya kwamba, maadamu anaona, basi anaonekana.

Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 hazimdai mnyonge makubwa. Kanuni ya 25 yaruhusu chombo cha makasia kiwashe taa kama za jahazi: nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma. Kisipoziwasha, sharti iwepo tochi au kandili ya mwanga mweupe, karibu na mkono, ionyeshwe mapema ili kuepusha mgongano. Tochi iliyofungiwa ndani ya mfuko haijatimiza sharti hilo. Yafaa ifungwe kwa kamba kwenye jaketi la kuokolea, isiingie maji, wala isimmulike mwenyewe machoni. Taa kali za kumetameta ziepukwe, kwani humbabaisha nahodha.

Kanuni hizo ziliandikwa kwa ajili ya bahari na maji yaliyoungana nayo ambamo meli za bahari hupita. Kwa hiyo zamhusu mtalii wa kayaki pwani ya Unguja, aliyeketi chini kiasi kwamba wimbi dogo humficha, Mtera hazifiki. Lakini sababu iliyozizaa imefika. Yupo pia azimaye taa kwa makusudi, kwa kuwa nyavu zake zimekatazwa na anaogopa doria. Giza lile limfichalo machoni pa doria humficha pia machoni pa mwokozi, pindi mtumbwi utakapopinduka.

Bara na visiwani, mtu akifika nyumba ya watu hupiga hodi. Hapigi ili aisikie sauti yake mwenyewe. Hupiga ili aliyemo ndani ajue kwamba mlangoni kuna mtu.