Wamama wanatafuta nini kwenye konsere?



Kila mara tunapovaa vikwembe vyetu na kwenda konsere, swali ni lile lile. Jirani anauliza, shemeji anauliza, hata wenzetu wa kwaya wanauliza: wamama wazima wanatafuta nini kwenye makelele ya vijana? Juma hili tunapenda kujibu, maana wasichana wetu nao wameanza kuomba ruhusa, na afadhali wapate jibu kwa mama zao kuliko barabarani.

Wengi wetu tulikua na muziki wa redio tu. Abeti Masikini, mtoto wa Kisangani, Mbilia Bel, Tshala Muana: wote tuliwajua kwa masikio, tukipika ama tukifua. Mwaka 1974 kulikuwa na tamasha kubwa la siku tatu kule Kinshasa, katika Stade du 20 Mai. Abeti aliimba pale, na Miriam Makeba, na James Brown. Huku Kivu habari zake zilifika tu kwa mdomo na kwa redio. Kumwona mwimbaji kwa macho, jasho likimtoka, lilikuwa jambo la watu wa mji mkuu, ama la wanaume wenye pesa ya kukaa ndani ya baa usiku.

Kwetu Goma mambo yalibadilika mwezi wa pili 2014, Festival Amani ilipofanyika mara ya kwanza katika kiwanja cha Collège Mwanga. Ilipaswa kuwa mwezi wa nane 2013, lakini vita karibu na mji iliirudisha nyuma. Siku tatu, ijumaa mpaka siku ya Mungu, tena mchana. Kuingia ilikuwa dola moja, karibu franka 900 za wakati ule. Dola moja si kitu kidogo kwa mama anayeuza ndizi, lakini inawezekana. Tuliweka franka mia kila juma pembeni ya likelemba, na siku ilipofika hakuna aliyebaki nyumbani kwa kukosa tiketi. Tangu hapo tumekwenda mara nyingi, pale na kwingine.

Jambo ambalo hatukulifikiria ni sauti. Mwenye kuzoea redio hajui kwamba spika kubwa zinapigia ndani ya kifua. Sasa, katika mji huu, mshindo unaotikisa kifua una maana nyingine. Gitaa la besi lilipolia mara ya kwanza, mtoto mmoja wa kikundi chetu, wa miaka sita, alilala chini kifudifudi, mikono kichwani, kama alivyofundishwa kufanya mabomu yakianza. Mama yake alilala pembeni yake palepale kwenye yale mawe meusi, akamwambia polepole: ni ngoma, mwanangu, ni ngoma tu. Vijana waliokuwa karibu hawakucheka. Walisogea, wakafanya duara ili watu wasiwakanyage. Walirudi nyumbani mapema siku ile. Mwaka uliofuata mtoto alikubali kuja, lakini alisimama mbali, karibu na mlango, akiangalia. Hatukumsukuma.

Tunalisema hili kwa sababu wengine wanadhani tunakwenda kusahau vita. Hapana, vita tunaijua. Tunakwenda watoto wajue kwamba watu elfu na elfu wanaweza kukusanyika pahali pamoja bila kukimbia.

Na ngoma zenyewe! Wanamuziki wakubwa wa nje ni wazuri, lakini kilichotutoa machozi ni vikundi vya kwetu, vya kucheza michezo ya kinyumbani. Mama mmoja wa kwetu, mzaliwa wa Masisi, hakuwa amerudi kijijini kwa miaka tisa. Alipoona wasichana wanarusha mabega kama bibi yake, alifungua kikwembe cha mtoto, akatukabidhi mtoto, akacheza peke yake mpaka ngoma ikaisha. Watu wa makabila mengine walimpigia makofi. Hakuna aliyeuliza ni wa upande gani.

Si konsere zote zinafaa. Tulikwenda nyingine katika sale moja ya mji. Afishi iliandika saa nane ya mchana, mwimbaji akafika saa mbili ya usiku. Wamama wote walikuwa wamekwisha kuondoka, na wasichana waliobaki walipata shida ya moto za kuwarudisha. Kwa hiyo sisi sasa tunauliza kwanza: ni mchana ama usiku? Kuna choo? Kuna mlango zaidi ya mmoja? Tunakwenda kumi ama zaidi, tunabeba maji na mandazi yetu, tunasimama pembeni, si mbele ya jukwaa, na msichana akienda chooni anakwenda na mwenzake. Giza likikaribia tunatoka, hata kama nyota wa siku hajaimba. Inauma, lakini ndiyo hivyo.

Wasichana wanalalamika kwamba tunawalinda kama kuku. Walalamike. Wanakuja hata hivyo, na njiani kurudi wanatuambia mambo ambayo nyumbani hawayasemi: mvulana fulani, mwalimu fulani, ndoto fulani. Tungekuwa tumekaa nyumbani tusingeyasikia.

Ndoto moja inatushughulisha sasa. Binti wa mmoja wetu, wa miaka kumi na tano, aliona mwanamke akipiga gitaa jukwaani, na tangu siku ile anataka kujifunza. Foyer Culturel hapa mjini wanafundisha muziki. Mama amekubali, baba anasema gitaa si kazi ya mtoto mwanamke. Tumemwomba baba atupokee siku ya posho, saa tisa. Tutakwenda wanne, na mmoja wetu atabeba sombe.