Mstari Mmoja wa Jina

Kila Agosti, Nanenane inapowadia, huacha vitabu vyangu na kutembea kwa miguu hadi viwanja vya maonesho vya Themi. Mwaka huu nilikawia kwenye banda moja la uvuvi. Watoto wa Arusha, ambao samaki wao hutoka Soko la Kilombero wakiwa wamekwisha kukauka, walikuwa wakishangilia perege ndani ya tangi. Mimi nilikuwa nikisoma kipeperushi cha leseni.

Nilizaliwa Ukerewe. Baba yangu mdogo na rafiki yake walichanga fedha za mbao, wakamlipa fundi pamoja, kisha wakanunua mashine kwa mkopo walioulipa wote wawili. Walivua dagaa kwa karabai nyakati za giza, na mbalamwezi ilipotoka walishona nyavu. Mapato yakishatolewa mafuta na chakula, wavuvi walipata fungu lao na chombo kikapata lake. Fungu hilo la chombo wawili hao waliligawana nusu kwa nusu, pale pale mwaloni, bila daftari.

Mwaka 1996, nikiwa kidato cha tatu, waliniita niwajazie fomu ya kibali, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na mwandiko mzuri. Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa jina la mmiliki. Niliuliza niandike nani. Baba mdogo akacheka: “Andika la mwenzangu, yeye ni mkubwa.” Nikaandika.

Miaka minne baadaye mwenzake alifariki kwa maradhi. Arobaini haijafika, kaka zake marehemu walikuja na leseni mkononi. Mwalo mzima ulijua ukweli, na wazee waliusema, lakini karatasi ilikuwa na jina moja. Baba mdogo aliendelea kupanda mtumbwi ule ule kama kibarua, akimwita “tajiri” kijana aliyekuwa hajawahi kulala ziwani. Hakunilaumu hata mara moja. Laiti angenilaumu.

Mwanasheria atanikumbusha kwamba leseni ni ruhusa ya kuvua, wala si hati ya umiliki. Ni kweli, na hata mimi hufundisha hivyo darasani. Lakini mvuvi mdogo hana hati nyingine. Mtumbwi hauna kiwanja, mbao hazina risiti, na makubaliano yalifanywa kwa mdomo. Kwa hiyo karatasi pekee iliyopo hubebeshwa kazi ambayo haikutungiwa.

Sipingi leseni. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni za 2009 zina sababu zake: ziwa lisilojua ni nani anayelivua haliwezi kulindwa. Ninalolalamikia ni dogo zaidi, na pengine ndiyo maana halishughulikiwi. Aliyechora fomu alimfikiria mvuvi kama mwenye duka, mtu mmoja na mali yake, ilhali mialoni chombo mara nyingi ni ubia. Hapa hapa Arusha yapo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kenya, Uganda na Tanzania, kwa mkataba wa 1994, ziliunda chombo cha pamoja cha kusimamia uvuvi wa Ziwa Victoria, na hakuna aliyezitaka ziteue nchi moja iandikwe kuwa mmiliki.

Nilimuuliza kijana wa bandani: watu wawili wenye mtumbwi mmoja wafanyeje? Alinijibu kwa adabu kwamba wasajili kikundi. Nikamwambia ni wawili tu, na wa pili amekwisha kuzeeka. Akafikiri kidogo, akasema, “Basi, Mwalimu, waandike jina la mmoja. Mengine wataelewana.”

Jioni nilimpigia simu baba mdogo. Tuliongea habari za mvua, na za bei ya dagaa.